Kemi na Jina Lisilotajwa Wakati wa Mvua

Hodi, hodi! Hadithi imesimama mlangoni. Ifungulieni, iingie ikae.

Huyu ni Kemilembe. Nyumbani wanamwita Kemi. Ana miaka sita, na meno mawili ya mbele hana.

Kwao ni upande wa Bukoba, katika nyumba ya bati katikati ya migomba. Anaishi na Mama, na Baba, na Bibi mzaa Baba.

Zamani Kemi alikuwa mtoto wa pekee. Mgongo wa Mama ulikuwa wake peke yake. Alikuwa mkubwa, ndiyo, lakini akichoka njiani alibebwa. Msimcheke. Hata ninyi mngepanda.

Kisha, siku moja ya jua kali, Mama akajifungua mtoto wa kiume.

Alikuwa mdogo. Alikuwa amekunja ngumi. Akafungua mdomo.

"WAAAA! WAAAA! WAAAA!"

Bati likatetemeka. Kuku wakakimbilia migombani.

Baba akacheka sana. "Huyu si mtoto," akasema. "Huyu ni radi!"

Kemi akasikia. Akaliweka neno hilo moyoni.

Sasa, nyumbani kwa kina Kemi kuna desturi. Mtoto anayeshuka mgongoni ndiye anayempa jina mtoto anayepanda. Hiyo ni haki yake. Hakuna mtu mzima wa kumpangia.

Jina hutolewa siku ya saba, mbele ya watu. Watu wakiitika "Tumesikia!", basi, limekwisha. Halibadilishwi.

Kemi akafikiri siku ya kwanza. Akafikiri siku ya pili. Akafikiri mpaka akasahau kula.

Darasani kwao kulikuwa na Novati wawili na Deusi watatu. Ukimwita Deusi mmoja, wanageuka wote. Kemi hakutaka jina la hivyo. Alitaka jina la mtu mmoja tu.

Siku ya saba ikafika. Majirani wakajaa uani. Mama akamleta mtoto, amefungwa kanga mpya.

Kemi akainama. Akaweka mdomo kwenye sikio dogo. Kisha akasimama, akasema kwa sauti:

"Radi! Radi! Radi!"

Watu wakatazamana. Wengine wakacheka. Jina gani hilo? Lakini desturi ni desturi.

"Tumesikia!" wakaitika.

Bibi alichelewa kidogo kuitika. Akatazama juu. Juu kulikuwa na jua tu, na anga la buluu.

"Tumesikia," Bibi akasema polepole.

Basi, kiangazi kikaendelea. Kila mtu alimwita mtoto atakavyo.

"Radi, njoo kwa Baba!"

"Radi, tabasamu!"

"Radi mwanangu, nyonya ulale."

Hakuna kilichotokea. Mtoto akanenepa. Mashavu yakajaa. Akaanza kugeuka kila akisikia jina lake.

Miezi minne ikapita. Kisha, alasiri moja, jua likajificha.

Upepo ukaja. Fyuuuu. Majani ya migomba yakapiga makofi.

Bibi akaingia ndani haraka. Akachukua kanga, akafunika kioo ukutani.

"Kemi, vua hilo sweta jekundu," akasema. "Kaa mbali na dirisha. Na yule wa juu tusimtaje."

"Yule nani, Bibi?"

 Bibi alionyesha juu kwa mdomo.

"Yule anayepiga," akanong'ona. "Umesahau? Wakati wa mvua hatumtaji. Ukimtaja anasikia. Akisikia anakuja."

Kemi akakumbuka. Alikuwa ameambiwa mwaka jana. Alikuwa ameambiwa na mwaka juzi. Lakini kiangazi ni kirefu, na kwenye jua nani anakumbuka mambo ya mvua?

Mbali, juu ya ziwa, kukanguruma.

Ngu-ru-ru-ru.

Kemi akamtazama mdogo wake. Alikuwa amelala mkekani, anacheza na vidole vya miguu.

Akamsogelea. 

"Nimemwita hivyo mimi," akawaza. "Ni mimi niliyempa jina hilo."

Mara Baba akatoka shamba. Akaweka jembe mlangoni, akaita kwa furaha:

"Radi wangu yuko wapi?"

NGU-RU-RU-RU!

Kemi akaruka. Akamrukia Baba, akamziba mdomo kwa mikono miwili.

"Shhh! Usimwite! Itasikia. Itakuja."

Baba akacheka. Baba huyu naye, kila kitu kwake ni kicheko. Lakini Kemi hakucheka. Alimkumbatia mdogo wake mpaka mvua ikaisha.

Kesho yake Kemi akaenda shule. Njiani akaona watoto wamesimama.

Walikuwa wanatazama mparachichi wa jirani yao, Mama Novati. Mti ulikuwa umepasuka katikati. Ulikuwa mweusi. Ulinuka moshi.

"Radi imeupiga jana," mtoto mmoja akasema.

Kemi akarudi nyuma hatua moja.

Jana! Jana Baba aliita. Ikasikia. Ikaja. Ikatafuta nyumba, ikakosa, ikapiga mparachichi.

"Leo ikija haitakosa," Kemi akawaza.

Akageuka. Akakimbia mpaka nyumbani. Pa-pa-pa-pa-pa!

Bibi alikuwa uani, anachambua maharage.

"Bibi," Kemi akasema, anahema. "Naweza kurudisha jina?"

"Jina si kikapu, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Ukishatoa umetoa. Watu wameitika."

"Na kama nilikosea?"

Bibi akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. 

"Bibi, wewe unamwitaje?"

"Mimi? Mimi namwita Mume Wangu."

"Siku zote?"

"Siku zote," Bibi akasema, na akainamisha kichwa.

Kemi akaelewa. Bibi hajawahi kumwita mtoto kwa jina lake. Hata mara moja. Hata juani.

Kumbe Bibi naye anaogopa! Na Bibi haogopi nyoka, haogopi ng'ombe mkali. Kama Bibi anaogopa, basi ni kweli.

Kemi hakurudi shule siku hiyo. Alikwenda kukaa karibu na mtoto, akawa anatazama mawingu.

Akajaribu jina jingine. Kwa siri.

"Tulia," akasema.

Mtoto akamtazama kuku.

"Wewe Tulia!"

Mtoto akala kidole chake cha mguu.

"Kimya. Amani. Jua. Wewe Jua!"

Mtoto hakugeuka. Hayakuwa majina yake.

Tangu siku hiyo, Kemi hakumwita chochote. Alisema "wewe" tu. "Wewe, njoo." "Wewe, usilie." Na kila mtu alipofungua mdomo kumwita, Kemi alikimbia.

"Shhh! Usimwite! Itasikia. Itakuja."

"Kemi mwanangu, una nini?" Mama akauliza. "Huli vizuri. Huchezi."

Kemi akatikisa kichwa. Angesemaje? Akieleza, Mama atalitaja lile neno. Akilitaja, itasikia.

Basi akanyamaza. Hofu ikakaa ndani yake, peke yake, kila siku.

Jumamosi ikafika. Asubuhi kulikuwa na jua. Baba akaanika kahawa uani, mikeka minne imejaa.

Mchana, wingu likatoka upande wa ziwa. Halikuwa wingu dogo. Lilikuwa jeusi, na lilikuja mbio.

"Kahawa!" Baba akapiga kelele. "Kahawa italoa!"

Baba akakimbia. Bibi akakimbia. Mama akamlaza mtoto mkekani, ndani.

"Kemi, kaa na mwenzio," akasema. "Narudi sasa hivi."

Naye akakimbia.

Kahawa ya mwaka mzima haiachwi kwenye mvua. Wakakunja mkeka wa kwanza. Wakakunja wa pili. Wakaikimbiza ghalani, ng'ambo ya ua.

Ta. Ta. Ta-ta-ta. Matone yakaanza kupiga bati.

Ta-ta-ta-ta-SHAAAAA!

Mvua ikaanguka yote pamoja. Kemi akachungulia mlangoni. Aliwaona Mama na Baba na Bibi wamejibana ghalani, salama. Mama alipunga mkono. Mdomo wake ulisema kitu, lakini mvua ilimeza sauti.

Hawakuweza kuvuka. Kemi akawa peke yake na mtoto.

Nyumba nzima ikawa nyeupe. Mara moja. Kisha giza.

Kemi akahesabu pumzi. Moja. Mbili.

KRA-KAAA!

Vikombe vikagongana kabatini. Mtoto akaamka.

"WAAAA! WAAAA! WAAAA!"

Kemi akamchukua, akaingia naye chini ya meza.

"Nyamaza wewe," akasema. "Nyamaza."

"WAAAA!"

Akamtikisa taratibu. Akamwimbia wimbo wa shuleni. Akampa kijiko achezee. Mtoto akakitupa kijiko.

"WAAAA! WAAAA!"

Alilia mpaka pumzi ikakatika. Alilia huku anageuza kichwa, huku na huku. Alikuwa anatafuta mtu.

"Mimi hapa, wewe! Mimi hapa!"

Lakini "wewe" ni nani? Mtoto hakujua. Hakuna aliyekuwa anamwita.

Kemi alijua Mama hufanya nini. Mama huweka mdomo kwenye sikio lake, akamwita kwa jina, polepole, mara tatu. Naye hunyamaza.

"Hapana," Kemi akajiambia. "Jambo lolote, lakini si hilo."

Nyumba ikawa nyeupe tena.

KRA-KAAA! NGU-RU-RU-RU!

Iko karibu! Iko juu ya bati! Akimwita sasa, haitakuwa na haja ya kutafuta.

Lakini mtoto alikuwa anatetemeka. Ngumi zake zilishika hewa tu. Alikuwa mdogo sana, na aliogopa kama Kemi. Labda kuliko Kemi.

Kemi akaanza kulia. Machozi yakashuka mpaka kidevuni.

Kisha akamlaza mtoto juu ya kanga. Akainama juu yake, akamfunika kwa kifua, akamfunika kwa mikono. Mgongo akauacha juu.

"Kama inakuja," akasema, "ianze na mimi."

Akaweka mdomo kwenye sikio dogo.  Akafumba macho.

"Radi," akasema.

Akangoja.

Shaaaa, ikasema mvua.

Akangoja tena, macho bado amefumba. Bati halikupasuka. Mlango haukufunguka. Hakuna kilichoingia.

Ila kitu kimoja. Kelele ilikuwa imekoma.

Kemi akafumbua jicho moja.

Mtoto alikuwa amenyamaza. Alikuwa amegeuza kichwa. Alikuwa anamtazama yeye.

"Radi?" Kemi akanong'ona.

"Hik," mtoto akasema.

"Radi."

Mtoto akafungua mdomo, akacheka na ufizi wake mtupu. Akanyoosha mkono, akashika shavu la dada yake lililoloa.

Kemi akasikiliza juu. Kimya. Yeye ameita mara tatu, na juu kimya.

Akafunga mdomo, akakaa bila kusema lolote.

Ngu-ru-ru-ru.

Ala! Hakuna aliyeita, na imenguruma.

Akaita tena. "Radi!" Juu, kimya. Mtoto, kicheko.

Akanyamaza tena. Ngu-ru-ru. Safari hii ilikuwa mbali kidogo.

Basi Kemi akajua. Ile ya juu inapiga inapotaka yenyewe. Haingoji kuitwa. Haina hata masikio!

Aliyekuwa anangoja kuitwa ni mmoja tu. Naye alikuwa hapa, chini ya meza, ameshika shavu lake.

"Pole," Kemi akamwambia. "Pole sana. Sitakuita 'wewe' tena."

Mvua ikapungua. Shaaaa ikawa shhhh. Mlango ukafunguka, pwa! Mama akaingia, maji yanamchuruzika. Nyuma yake Baba. Nyuma yake Bibi, ameshika kanga kichwani.

"Wanangu!" Mama akasema. "Mko wapi?"

"Chini ya meza," Kemi akajibu.

Mama akapiga magoti, akawakumbatia wote wawili, hivyo hivyo na maji yake.

"Amelia sana?"

"Alilia. Nikamwita, akanyamaza."

Bibi akasimama. Hakuvua hata kanga.

"Umemwitaje?" akauliza.

Kemi akatoka chini ya meza. Akasimama wima.

"Nimemwita Radi."

Bibi akashika mdomo. "Katika mvua? Katika mvua ile?"

"Katika mvua ile, Bibi. Haikuja. Amekuja yeye."

 Hata Baba hakucheka. Alimtazama binti yake, akaona jinsi macho yalivyovimba.

"Kumbe siku zote hizi ulikuwa unaogopa kweli," Baba akasema. "Nami nilikuwa nacheka. Nisamehe, mama."

Akamnyanyua Kemi, akamkumbatia kwa nguvu.

Bibi akakaa kwenye kigoda. Akamtazama mtoto. 

"Mume Wangu," akasema.

Mtoto akaendelea kucheza na hereni ya Mama.

"Si hivyo, Bibi," Kemi akasema. "Mwite."

Nje bado kulikuwa na mvua. Bibi akatazama juu. Akatazama dirisha. 

"Ra..." akasema, akakwama.

Kemi akaenda, akamshika mkono. 

"Nilikwama na mimi," Kemi akamnong'oneza. "Malizia tu."

Bibi akavuta pumzi.

"Radi," akasema.

Mtoto akaacha hereni. Akageuka, kichwa, mabega, tumbo, vyote. Akamtazama Bibi kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemngoja. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Maskini mimi!" Bibi akasema. Machozi yakamtoka. "Miezi minne. Miezi minne mtoto huyu ananingoja nimwite!"

Akampakata, akamwita tena. Akamwita tena. Akamwita mpaka Mama akasema, "Mama, mwache sasa, apumzishe masikio."

Hapo wakacheka wote. Na Baba, bila shaka, akacheka kuliko wote.

Jioni wakala ndizi na maharage. Kemi akaongezwa, akamaliza. Akaongezwa tena.

Kisha Mama akatandika kitanda. Akamlaza Kemi upande wa ukutani, na mtoto katikati yao wawili.

Mbali sana, ng'ambo ya ziwa, kukanguruma.

Ngu-ru-ru.

Kemi akashtuka. Kidogo tu. Mtu haachi kuogopa kwa siku moja.

Akanyoosha mkono gizani, akagusa mguu mdogo wa moto.

"Radi," akaita.

Mguu ukampiga teke, taratibu. Yupo.

Basi Kemi akalala.

Nami hapa napumzisha mdomo. Wewe uliyesikiliza, mwite aliye karibu nawe kwa jina lake. Akishageuka, mlale.